Juisi Isiyogusa Glasi

Kabla kompyuta haijamtia wazimu, Pantaleo alikuwa fundi wa kuchora mabango, tena fundi wa kweli. Namjua. Kwa miaka kumi na moja meza yangu ya juisi ya ukwaju imekaa chini ya ngazi za ghorofa alilopanga chumba, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, na hakuna alichopandisha wala kushusha ambacho sikukiona.

Alitoka Masasi na brashi tatu ndani ya soksi. Zilipokuja enzi za ruksa, kila mtu akafungua baa, saluni na bucha, na kuta zote zikamwita yeye. Ng'ombe anayecheka kwenye bucha, kana kwamba kuna ng'ombe anayefurahia bucha: Pantaleo. Chupa ya bia inayomwaga povu: Pantaleo. Na kila kitu cha kioo, iwe glasi, chupa au miwani, alikipiga mistari miwili myeupe ubavuni, akasema kinang'aa. Watu wakamwamini, naye akala.

Halafu wakaja vijana wa kuchapa mabango kwenye plastiki, brashi zikakauka. Mtu mwenye akili angetafuta kazi nyingine. Huyu aliuza ngazi na makopo yote ya rangi, akanunua kompyuta kuukuu yenye ukubwa wa kabati la vyombo, na programu ya kutengeneza picha za vitu ambavyo havipo. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Pantaleo aliishia darasa la saba kama mimi, kwa hiyo alisoma picha, maneno akayaruka.

Kazi ya kwanza ya maana aliipata kwa Lalit, aliyekuwa amefungua kiwanda cha juisi za chupa kule Ilala. Lalit alitaka bango kubwa lenye glasi moja ya ukwaju, basi. Picha isipompendeza ataagiza Dubai. Pantaleo aliniambia mwenyewe: ngazi hana, rangi hana, akishindwa hapa anarudi Masasi kubangua korosho za kaka yake Eliasi, ambaye tangu zamani alimwita mchora ng'ombe.

Picha ilipokuwa tayari akaniita juu niione. Nikapanda, na magoti yangu haya. Nikakuta glasi kama ya plastiki, nyuma yake giza tupu, ubavuni mistari yake miwili. Juisi imesimama peke yake katikati, imezungukwa na hewa pande zote, kama mshumaa ndani ya kopo.

"Hii juisi glasi imeikosea nini," nikamuuliza, "mpaka haitaki kuigusa?"

"Nafasi nimeiacha makusudi, Mama Tatu. Vitu viwili havikai mahali pamoja, kompyuta inachanganyikiwa. Wewe uza ukwaju, haya ni mambo ya hesabu."

Nikashuka. Mtu anamimina juisi kama seremala anayeacha nafasi ili droo iteleze, halafu anitajie hesabu.

Jumatano akaipeleka kiwandani. Lalit alikuwa karibu kukubali, maana yule huangalia vizibo tu, juisi hajawahi kuiangalia. Lakini mama yake alikuwepo, Bibi Chandrika, ambaye ukwaju wa pale unapikwa kwa mkono wake. Akavaa miwani, akauliza nani anakunywa mshumaa. Neno lile lile lililonijia mimi, na hatukuwa tumeonana. Lalit akampa fundi mpaka Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Pantaleo akashuka, akakaa kwenye benchi langu, akanunua glasi moja, zile zangu zenye tumbo la duara. Hakuinywa. Akaisogeza juani, akairudisha kivulini, nzi wakaja, wateja wakasimama. Nikamwambia anywe au aondoke.

"Mama Tatu," akasema polepole, jicho kwenye glasi, "uko kichwa chini."

Nikainama. Kweli, ndani ya juisi nilikuwemo mimi na kanga yangu, nguzo ya umeme na ghorofa la mbele, vyote vimepinduka. Mimi ukwaju wangu nauchuja mara mbili, nauacha utulie, namimina wa juu tu. Wa wengine ungeona tope. Akanionyesha kwamba ule mng'ao wa ubavuni si mistari miwili, ni madirisha ya ghorofa la mbele yamepinda. Ukingoni juisi imepanda kidogo kwenye kioo, imekishika, hewa haina pa kupita. Na mezani, pembeni ya kivuli cha glasi, kuna doa la mwanga mwekundu. Miaka kumi na moja anapita mbele ya glasi zangu, ndiyo kwanza anaona leo.

Akaazima kamera kwa mpiga picha za pasipoti, akapiga mtaa pande zote kutoka kwenye meza yangu, nami nikiwemo na upawa mkononi, bila kuulizwa. Picha zile akaizungushia glasi yake kama pazia, ili kioo kipate cha kuakisi. Juisi akainenepesha mpaka ikazama kidogo ndani ya kioo. Mwisho akafuta mistari miwili.

Kwetu kulikuwa na mgao wa umeme, kwa hiyo Jumamosi tukabeba kompyuta kwa mkokoteni hadi kiwandani, kwenye jenereta. Akaniomba niende na jagi la ukwaju na glasi ya kulinganishia. Picha ikaanza kujitokeza mstari kwa mstari kutoka juu, saa nzima kwa ukingo tu. Bibi Chandrika akavuta kiti. Ilipofika tumboni mwa glasi, Lalit akaniangalia mimi, akaangalia skrini, akasema huyo mwanamke wa ndani ya juisi atolewe.

Pantaleo akasimama mbele ya skrini, Masasi ikimsubiri. "Ukimtoa yeye na mtaa wake," akasema, "inabaki ile ya Jumatano."

Lalit akataja Dubai. Bibi Chandrika akainuka kitini. Alichukua jagi langu, akajimiminia, akanywa yote.

"Mwache," akamwambia mwanawe. "Picha imenitia kiu."

Bango liko kona ya Msimbazi. Pantaleo siku hizi anaitwa mtaalamu, na Eliasi anabangua korosho zake mwenyewe. Wanaopita huangalia juu, humeza mate, halafu huvuka barabara kuja mezani kwangu, maana bango halina bomba. Hakuna hata mmoja aliyenitambua mle ndani.