Ng'ombe Kwanza, Jina Baadaye

Mutoto aliyepotezana na watu wake akiletwa mbele yangu, simuulizi jina la baba yake. Naulizaka ng'ombe. Kama kwao hawafugi, naulizaka njia ya kwenda kuchota maji, ao muti ulio karibu na jiko. Wakubwa wangu wa biro, ofisi ya kutafutia watoto watu wao, walinicheka sana mwanzoni. Leo nao wanauliza hivyo hivyo, na wanajifanya ni akili yao. Bon, waache, mradi watoto wanarudi kwao.

Mimi nilishuka Goma kutoka milima ya Masisi nikiwa mudogo, wakati wa vita. Vita yenyewe siikumbuki. Nakumbuka ukungu, na kitenge cha njano cha mama kikienda mbele yangu, nami nakifuata, nakifuata. Halafu aliyekivaa akageuka, na hakuwa mama. Nililia mpaka sauti ikaisha. Mwanamuke huyo alinishika mukono akanipeleka kwake Majengo, kwenye nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Watoto wake walikuwa wengi. “Eh, huyu mumoja ataniongezea nini?” aliwaambia majirani.

Siku za kule zimechanganyikana kichwani mwangu. Kuna moshi wa mandazi aliyokuwa anauza, kuna vumbi nyeusi miguuni. Jua likizama, mulima wa volkano ulikuwa unawaka mwekundu chini ya mawingu, nami nilifikiri ni moto wa jiko letu, mama anapika, ananingoja.

Asubuhi nyingi yule mama wa Majengo alinipeleka kwenye biro ya watoto waliopotea. Ajenti alikuwa muzee wa miwani, mwenye sauti ya upole.

“Jina la papa wako?”

Nikaangalia miwani yake.

“Unatoka wapi?”

“Nyumbani.”

Jina nilikuwa nalijua! Wanaume walikuwa wanamuita papa kwa jina lake kila siku. Lakini kwetu mutoto hatamki jina la baba yake, na muke hatamki la mume wake. Mujane wa jirani ndiye alikuwa anataja la wake mchana kutwa, maana alishamuzika. Mama alikuwa anasemaka tu “papa wa watoto”, hata siku alizomukasirikia. Basi nilifunga mudomo, na nilijivunia adabu yangu.

“Mama, huyu mutoto hajui kitu,” ajenti alisema. “Bila jina la baba, nitatangaza nini kwenye makambi? Tutamuhesabu asiye na watu.”

Mama wa Majengo alirudi amenuna njia yote.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba, nachunga mawe. Mawe yalikuwa ng'ombe. Nilimugombeza mumoja: “Wewe wa pembe iliyovunjika, tena uko kwenye shamba la watu!”

“Huyo ni wa nani?” mama wa Majengo aliuliza mulangoni.

“Wa papa.”

“Na yule?”

Nikamuonyesha wote: mweupe mwenye sikio jeusi, mukubwa anayechechemea, na yule asiyekubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Alipiga makofi. “Yesu wangu! Eti huyu hajui kitu!”

Kesho yake tulipanda Munigi, ambako watu wa milima yetu walikuwa wanalala chini ya maturubai. Alinisimamisha mbele ya wazee waliokuwa wachungaji. Ng'ombe walikuwa wameisha, lakini fimbo walikuwa wamezishika bado.

“Sema, mama,” aliniambia. Nikasema wote.

Muzee mumoja akainuka. “Huyo wa kuimbiwa namujua! Alinipiga teke, angalia.” Akapandisha suruali kuonyesha kovu. Wote wakacheka, na yeye akaanza kulia. “Muke wa mwenye hao ng'ombe yuko hapa hapa. Muiteni.”

Mama alikuja mbio, amekonda, bila kitenge cha njano. Alininusa kichwa, shingo, mikono. Kumbe muda wote tulikuwa tunaangalia mulima ule ule.

Tulishuka wote kwenye biro, ili anichukue kwa kufuata sheria. Ajenti alifurahi kweli, akafuta miwani.

“Sasa mama, jina la papa wa mutoto?”

Nilimungojea mama anyamaze. Nilitaka ajenti aone kwamba kwetu tuna adabu, wakubwa kwa wadogo. Mama alinitazama. Halafu akalitamka jina la papa, lote, kwa sauti.

Nikaangua kilio. Ajenti alishangaa. “Unalia nini tena? Si umemupata mama yako?”

Mama wa Majengo alinivuta kifuani, naye hakuelewa. Mama tu ndiye alielewa, na mimi.

Papa angekuwa hai, mama hangelitaja jina lake.