Msikilizaji wa Chini ya Dungu

Bi Kazija binti Silima wa Kiuyu husomesha watoto wa kike ukumbini kwake, na mzazi akija kumshukuru, yeye huzigawa zile shukrani. Ya kwanza humrudishia Mwenyezi Mungu, ya pili Maalim Mmanga, ya tatu mjomba wake Duni, na kinachobaki anasema ni cha mbwa. Wageni hudhani anatania. Nimeyaandika haya mwaka 1947 kama alivyonieleza mwenyewe, na pale alipokuwa amesahau, Maalim Mmanga alinikumbushia.

Kazija alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Chuoni kwa Maalim Mmanga watoto walisoma Kurani kama wasomavyo katika vyuo vyote vya Pemba: wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake alipofikia, kila mmoja kwa sauti, hata mpita njia asiyezoea angedhani wanagombana. Katika kelele zile Maalim aliita mtoto mmoja mmoja aende mbele kusikilizwa. Akiitwa mtoto mwengine, kelele ziliendelea. Akiitwa Kazija, zilikatika. Kila mmoja alitaka kumsikia.

Herufi alizijua. Akiulizwa moja moja alizitaja bila shida. Zikikaa pamoja ndipo zilipomgeuka: nukta za juu akaziona chini, na neno alilolisoma mstari wa kwanza akakutana nalo mstari wa tatu kama mgeni. Akikwama, Maalim alimsahihisha hata mate hajameza. Akirudia, alikwama palepale. Siku moja Ahmada, mtoto wa jirani, alinong'ona kwa namna ambayo chuo kizima kilimsikia.

"Gari la Kazija limezama topeni. Nendeni mkalete ng'ombe."

Tangu siku hiyo, Kazija akisimama tu, kuna mtoto aliyelia kama ng'ombe.

Baba yake, Silima, alikuwa mkulima na hakuwa mtu mkali. Lakini shamba lilitaka mlinzi mwaka mzima. Ukiisha mpunga kuna muhogo, na nguruwe hawapumziki. Nyumba ile iliweza kumtoa mtoto mmoja tu kwenda chuo. Kazija alisoma asubuhi, na alasiri akaenda bondeni kumpokea mdogo wake Pandu, aliyekuwa akiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri. Mpunga ulipoanza kutoa mashuke, Silima alimwambia mkewe kwamba kama Kazija hatahitimu juzuu yake ya kwanza kabla ya mavuno, basi chuo ataachiwa Pandu, na yeye atakaa shamba. Hakusema kwa hasira. Kazija anasema angesema kwa hasira ingekuwa nafuu, maana hasira hupoa.

Mjomba Duni alikuwa msasi wa nguruwe, na watu walimpisha njia kwa sababu ya mbwa wake, kisha wakamwita haraka nguruwe wakiingia mashambani. Mbwa mmoja, dume la rangi ya mchanga lililokwisha kuchoka na mbio za msituni, alilipa jina Hayanihusu, kuwajibu majirani waliokuwa wakimsema. Mwaka ule alimfunga bondeni kwa Silima, chini ya dungu, ili kima na nguruwe wasikie harufu yake.

Dungu lilikuwa jukwaa la miti, refu kuliko mtu mzima, lenye paa la makuti. Kazija alikaa juu na kamba za makopo mkononi, akizivuta ndege wakitua. Siku moja alichukua juzuu yake. Alitia udhu mferejini, akapanda, akaifungua, akaanza kusoma polepole. Alikwama. Alingoja ng'ombe walie. Hakuna aliyelia. Alichungulia baina ya miti akamwona mbwa kainua kichwa, sikio moja limesimama, anangoja. Akalirudia neno. Mbwa akalaza kichwa miguuni.

Basi ikawa hivyo kila alasiri. Akisita, kichwa kiliinuka, akiendelea, kililala. Kama alisoma sawa au alikosea, kwa mbwa ilikuwa mamoja. Kazija aligundua kwamba neno gumu, ukiachiwa nafasi ya kulitazama, hujifungua lenyewe. Mjomba Duni alipita kuleta chakula cha mbwa, akasikia, akajua. Alimwambia neno moja tu: "Soma, mwanangu. Huyo hana pa kwenda."

Aliyeyatoa nje alikuwa Bi Mwanapili, aliyekuwa akitoka kuokota kuni. Alisikia sauti ya mtoto ikisoma, akatazama, hakuona mtu ila mbwa aliyekaa kama mwanachuo. Alipofika kisimani alisema Kazija anamsomea mbwa. Maneno yalipotoka kisimani yalikuwa Kazija anamsomesha mbwa. Na yalipofika msikitini, yalikuwa Duni anamsomea mbwa wake kwa kinywa cha mtoto ili amtume kichawi kwa mtu, na watu walikuwa wameshaanza kuulizana ni nani atakayetumiwa. Silima aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. Alimwambia Maalim kwamba asingojee mavuno. Mtoto amtoe chuoni kesho. Maalim akamwomba siku moja.

Alasiri ile Maalim Mmanga alikwenda bondeni peke yake, akasimama nje ya kivuli cha dungu. Alisikia mistari minne mizima kabla Kazija hajamwona. Alipomwona, alinyamaza na kuificha juzuu kifuani.

"Unamsomea nani?" Maalim aliuliza.

"Najisomea, Maalim. Yeye yupo tu."

"Na asipokuwapo?"

Kazija alifikiri. "Hanicheki, Maalim. Na hanikatizi."

Maalim alitazama kamba ya mbwa, akaona haifiki kwenye ngazi. Akauliza udhu anatia wapi, na juzuu huiweka wapi. Alipojibiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Wanavyuoni wametaja mate yake, wametaja jasho lake. Masikio yake sikuona yametajwa popote. Haya, soma."

Kazija alianza na kukwama mstari wa pili. Maalim alifungua kinywa kumsahihisha, kama alivyozoea. Kisha akakifumba. Alikusanya kanzu yake vizuri, akachutama mbali kidogo na mbwa, akampa Kazija mgongo, akaanza kung'oa majani. "Endelea," alisema. "Mimi simo."

Kazija alisoma. Palipokuwa na kosa Maalim aling'oa jani moja akaliweka kando. Alipomaliza sura, walirudi pamoja kwenye yale majani, moja moja, na yalikuwa machache kuliko alivyotarajia Maalim. Alimwambia Kazija kwamba kwa miaka yote alikuwa akimsaidia kabla hajahitaji msaada. Jioni alieleza msikitini alichokiona, akaongeza kwamba mwenye kuogopa kutumiwa mbwa yule na akajipime mbio naye. Mbwa mwenyewe amezeeka. Watu walicheka, maneno yakafa, na Silima akakubali kungojea mavuno kama alivyosema mwanzo.

Siku ya kuhitimu ilikuja mpunga ukiwa bado haujakauka vizuri. Mama yake Kazija alileta mikate na halua kwa ajili ya wanachuo. Silima alikaa mlangoni. Kazija aliitwa, na kama kawaida kelele zikakatika. Alisoma vizuri, akafika katikati, akakwama.

Nyuma mtoto mmoja akaanza kulia kama ng'ombe, chinichini.

Maalim hakumtazama Kazija wala hakumtazama mtoto yule. Aliinamisha uso, akaanza kusoma ya kwake, kwa sauti ya wastani, kama mtu aliye peke yake. Wanachuo walitazamana. Mmoja akafuata kusoma mahali pake, kisha wa pili, na hatimaye chuo kizima kikarudi katika kelele zake, Ahmada naye ndani. Ndani ya kelele hizo Kazija alilitazama lile neno mpaka likafunguka, akaendelea, akafika mwisho, akafunga juzuu.

Silima aliona mdomo wa bintiye umesimama. Alimsogelea Maalim akamwuliza kwa sikio, "Kamaliza?"

"Kamaliza."

"Sikumsikia."

"Nimemsikia mimi," alisema Maalim. "Si kosa lake kwamba wengine wanapiga kelele."

Silima alikaa akitazama mikate ikigawiwa. Kazija anasema baba yake hakumsifu siku ile wala siku nyengine. Haikuwa desturi yake. Ila watoto walipoanza kutawanyika alimwita Pandu, akamfuta halua kidevuni kwa ncha ya kikoi chake, akamwambia kesho asiende bondeni, afuatane na dada yake.

"Na ndege?" aliuliza Pandu.

"Ndege nitakaa nao mimi," alisema Silima.

Asubuhi yake walikwenda chuo wawili, na njiani Pandu alimwuliza dada yake kama kusoma ni kugumu. Kazija alimjibu kwamba ni kugumu, na kwamba asifanye haraka.