Mikono ya Ladislas Mwashi

Mdomo wangu ndio uliomwumiza Ladislas, na leo nasema mwenyewe, mimi Véronique muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Alikuwa mwashi hapa Mururu, Rwanda. Tulipojengewa nyumba baada ya vita, alijenga tisa, ya tisa ikiwa yangu. Kisha akabadilika. Huku kwetu mwenye mikono michafu hatoi kiganja. Anakupa kifundo cha mkono ushike. Ladislas alitoa kifundo hata Jumapili, ametoka kuoga. Viganja alivifunga vitambaa. Siku moja kitambaa kikamfunguka kanisani, nikaona ngozi imepasuka, inatoa maji na damu.

Wee! Sikungoja misa iishe. "Mikono ile ilifanya nini mu vita?" nikamwuliza jirani yangu Mukantabana. "Damu ya batu haifichwi."

Nilijua vizuri kwamba mwaka ule wa mauaji alikuwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akijenga. Nilijua, na bado nikasema. Nilikuwa nimezika mume na watoto wawili, na hasira yangu ilitaka mtu wa kumshika.

Lisemwalo lipo, watu wakasema. Kazi akanyimwa. Mabaraza ya gacaca, ya kuwahukumu wauaji mbele ya wanakijiji, yalikuwa yakiandaliwa, na jina lake likaanza kutajwa.

Mkewe, Dusabe, akampeleka hospitalini Gihundwe, ambako daktari mmoja wa ngozi alikuwa akifanya utafiti juu ya waashi. Akambandika mgongoni vipande kumi vya plasta, kila kimoja na kitu chake cha kumpima ajue kipi kinamdhuru, akamkataza kuoga siku mbili. Vilipobanduliwa, ngozi ilikuwa safi isipokuwa chini ya kimoja. Hapo palivimba, pekundu, pamejaa malengelenge. Kipande kile kilikuwa na kitu kilichomo ndani ya simenti.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Ladislas alivua shati mbele yetu sote. Mtu mzima, jamani, mbele ya binti yake Iriza!

"Angalieni," akasema. "Ni simenti tu. Daktari anasema nisiiguse tena mpaka kufa."

Watu wakatazama chini. Mimi nikamwendea.

"Papa Iriza, ni mimi nilisema."

"Najua, Maman." Alikuwa akifunga vifungo polepole, vidole vinamuuma. "Ile nyumba, inavuja?"

"Haivuji," nikasema, machozi yakanitoka.

Akakunjua kitambaa, akaninyooshea kiganja chake kilichopasuka. Sikuweza kukipokea. Nikampa kifundo cha mkono wangu, maana siku ile mwenye mikono michafu nilikuwa mimi. Akakishika.