Simu Yangu Haikuingia Kapuni

Admin, nifichie jina. Kijiji pia usikitaje, sema tu ni kisiwa cha Pate, maana wa kwetu wakisoma watanijua kabla hawajafika mwisho. Na nyinyi wasomaji, mkitaka kunitukana, nitukaneni mkimaliza, si sasa.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja huku Pwani. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama. Bibi ni somo, yaani ndiye anayemfunda biarusi siku za mwisho kabla ya ndoa, chumbani, wanawake peke yao, mlango umefungwa. Ana nyimbo za kumuasa biarusi alizofundishwa na mamake, na mwanamume hazisikii. Siku hizi, kwa sababu ya simu zetu hizi, kuna kapu mlangoni, kila anayeingia anaacha simu humo. Kapu hilo hulishika Bi Khadija, jirani yetu, mjane, ambaye pia ndiye mpaka hina wa harusi zote za pale kwetu.

Mwaka jana maktaba ya chuo ilibandika tangazo la shindano. Mwanafunzi alete urithi wa kwao aliourekodi, na mshindi apelekwe nje ya nchi miezi mitatu kujifunza kuhifadhi rekodi za kale. Mimi na maktaba ni damu moja, huenda hata nikiwa sina cha kusoma, kuna feni na hakuna wa kunituma. Nikaenda pale kwenye dawati la msaada wa utafiti, kwa mkutubi mmoja mama mpole sana. Alinifundisha kupanga kazi na kuandika marejeo bila kuchoka. Nilipomtajia nyimbo za bibi aliinuka kitini. Akasema, "Hizo lete. Hakuna aliyezihifadhi."

Ningemuomba bibi, angekataa. Nilijua, ndiyo maana sikumuomba. Harusi ya binamu yangu ilipofika, nikafunga simu ndani ya leso kiunoni. Bi Khadija alikuwa mlangoni na kapu lake. Alinitazama akacheka, "Nawe nikupekue? Mwenye nyumba! Pita, mwanangu." Nikapita.

Nilipompelekea nilichorekodi, yule mkutubi aliniuliza mara mbili, "Bibi amekubali wasikilize watu wote? Kama ana wasiwasi tunaweza kuzifunga, azisikie mwenye ruhusa tu." Lakini masharti ya shindano yalitaka kazi iwe wazi kwa kila mtu. Nikamwambia bibi amekubali na amefurahi sana. Bibi anajua kuandika kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wake sikuthubutu kuuiga. Nikasema hajui kuandika, na kwenye fomu ya idhini, palipotakiwa dole gumba lake, nikaweka langu.

Nikashinda. Kulikuwa na maonyesho, picha, keki, makofi. Majina yote nilikuwa nimeyafuta, nikajipongeza kwamba nimemsitiri bibi. Hiyo sauti yenyewe, ambayo kisiwa kizima kinaijua, wala sikuifikiria. Akili yangu ya chuo kikuu hiyo.

Haikupita wiki, mtu alikata kipande kutoka kwenye tovuti ya maktaba akakirusha WhatsApp. Bibi aliisikia sauti yake dukani. Alikwenda kununua sukari akakuta wanaume wameketi barazani, simu katikati, yeye anaimba. Alirudi bila sukari. Tangu siku hiyo hajamfunda biarusi yeyote, na wanaokuja kumuita anawaambia anaumwa.

Niliposikia nililia, wallahi. Lakini sikusema. Kisha watu wakaanza kutafuta aliyerekodi, na wote wakaishia kwa Bi Khadija. Nani mwingine alikuwa na simu zote mkononi? Ameapa kwa msahafu, hawakumuamini. Harusi mbili zimepita, na hina imepakwa na mtu aliyeletwa kutoka Lamu mjini. Yeye na bibi walikuwa wakila pamoja kila Ijumaa. Sasa bibi akimuona mbele anakata uchochoro mwingine.

Nilipokwenda likizo nilikutana na Bi Khadija mlangoni kwake. Nilitaka kusalimia nipite, akanishika mkono. "Simu zote ziliingia kapuni, mwanangu, isipokuwa moya," akasema polepole. "Na hiyo moya siyamwambia mtu." Kisha akaniachilia, akaingia ndani. Sijalala kwa amani tangu hapo. Mama wa watu anabeba mzigo wangu huku anajua ni wangu.

Safari ni mwezi ujao. Nikienda kwa mkutubi nikasema fomu ni ya uongo, nyimbo zitaondolewa, lakini safari imekwenda, na huenda na masomo pia. Nikinyamaza, Bi Khadija ndiye mwizi wa sauti mpaka afe. Na nikisema, bibi atajua ni mimi, na mimi ndiye mtu pekee anayemuamini sasa.

Kinachoniua zaidi ni hiki. Siku ya kurudi chuoni bibi aliniketisha kitandani kwake akasema, "Wewe umesoma, unayua ndia za simu hizi. Nitafutie alonitoa nde, aloanika sauti yangu. Sitaki kumtukana. Nataka kumuuliza tu, nimemkosea nini."

Tangu hapo hunipigia kila siku alasiri kuuliza nimefikia wapi. Jana nilimjibu, "Bado natafuta, bibi." Akaniombea dua nifanikiwe.

Leo alasiri atapiga tena. Jamani, mlio na moyo kuliko mimi, nipeni maneno. Nikishapokea ile simu, naanza vipi?