Chakula Chepesi

Mguu ulioniangusha ni ule mzima.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia nilianguka mazoezini wanadhani ni ule uliovunjika, wenye chuma ndani. Hapana. Wenye chuma ulikaa vizuri. Ilikuwa asubuhi, ukungu wa Makambako umeziba madirisha, nami nimesimama katikati ya yale mabomba mawili tunayoshika wagonjwa tukijifunza kutembea. Mwalimu wa mazoezi yuko mbele yangu hatua tatu, ananiita, "Njoo, mzee. Njoo." Nikainua mguu mbovu. Mwili wote ukabaki juu ya mguu wa kushoto, ambao haukuwahi kuguswa na mbao wala kisu cha daktari. Ukaanza kutetemeka juu ya goti. Nikautazama kama unavyomtazama mbwa usiyemjua. Halafu ukajikunja. Mikono ilikuwa kwenye mabomba lakini nayo haikuwa na kitu, ikaachia. Nikashuka na goti hadi kwenye saruji, na pia ya goti ikapasuka. Niliisikia mwenyewe.

Mwalimu akaniinamia. "Mzee, umefanya nini sasa?"

Hivyo ndivyo alivyoniuliza. Kana kwamba nilikuwa na shughuli yangu pale chini.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi nilikuwa mpakiaji wa mbao, miaka zaidi ya ishirini, pale Makambako malori yanapopakia kwenda Dar na kwingine. Watu wanadhani mbao hubebwa na bega. Bega ni pa kuwekea tu. Mbao hubebwa na mapaja, hasa ile ya paini mbichi iliyoshiba maji. Mapaja yangu yalikuwa yanabana suruali. Sijisifu, nataka mjue nilikuwa na nini. Niliishia darasa la tano, shamba langu dogo, miguu ndiyo iliyosomesha watoto.

Siku moja rundo la mbao liliteleza kwenye lori likanikuta. Paja la kulia likavunjika. Nikapelekwa Njombe, hospitali ambayo siitaji jina, wenyewe wanajijua. Wakapasua, wakaweka chuma. Aliyefanya kazi hiyo alifanya vizuri, hilo namshukuru. Kosa lake ni neno.

Kesho yake asubuhi alipita na kundi lake. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda na hotpoti la ugali na maharage, amekuja nalo kwa sababu hospitali zetu ndugu ndiye anayekulisha. Daktari akatazama kidonda, akatazama hotpoti, akasema, "Aanze na chakula chepesi." Nesi akaandika. Kundi likaenda kitanda cha pili. Mke wangu akafunika hotpoti.

Akaniletea uji. Uji wa kuona chini ya kikombe. Siku ya pili uji. Siku ya tatu uji na chai. Daktari yule hakurudi, walisema yuko safarini, waliokuja baada yake walitazama mguu tu. Kila asubuhi nesi alimuuliza mke wangu, "Amekula?" Naye anajibu, "Amekula." Nesi anaandika: chakula chepesi, amekula. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba faili lile halina uongo hata mstari mmoja.

Mtaniuliza, mke hana akili, haoni mumewe anaisha? Msimseme vibaya hapo. Kwetu mgonjwa akifa, msibani watu wanauliza mambo mawili: mara ya mwisho alikula nini, na nani alimpa. Wanauliza kwa upole, wakiwa wameshika vikombe vya chai. Mwanamke aliyempa mgonjwa ugali wakati daktari amekataza ataitwa "aliyemmaliza" mpaka na yeye azikwe. Mama mkubwa wa mke wangu aliwahi kuitwa hivyo. Kwa hiyo aliposikia chepesi, alilishika neno kama mtu aliyeshika kamba mtoni.

Baada ya wiki mbili wakanihamishia kituo cha mazoezi, Makambako, ili niwe karibu na nyumbani. Barua ya uhamisho ilikuwa na mguu, chuma, dawa, na chini kabisa: chakula chepesi. Nesi wa kunipokea akanakili yote kwenye faili jipya kwa mwandiko mzuri sana. Mke wangu alimuuliza, na mimi nikisikia kwa masikio yangu.

"Nesi, bado ni chepesi tu?"

"Mama, si umeandikiwa? Fuata ulivyoandikiwa."

Hakuinua hata macho. Hapo ndipo mguu wangu wa kushoto ulipoanza kuvunjika, wiki tano kabla ya saruji.

Kitanda cha jirani alikuwa mzee wa Mawengi, kiharusi kimemlegeza upande mmoja. Binti yake alikuwa anamletea ugali, maharage na parachichi nusu lenye chumvi. Mzee alikula kwa mkono mmoja, taratibu, kila siku. Harufu ile ilinitoa machozi nikageukia ukutani.

"Kijana, sogeza sahani," alisema siku moja.

"Nimekatazwa, mzee. Iko kwenye faili."

"Kwani faili ndilo lenye tumbo?"

Tulicheka. Sikula. Nilidhani njaa ile ni sehemu ya ugonjwa, kwamba mwili unajisafisha. Hilo kosa ni langu, naliweka mezani pamoja na ya wengine. Halafu njaa yenyewe ikaisha, na hapo ndipo ningeogopa kama ningejua. Mke wangu aliongeza sukari kwenye uji na mimi nikaacha nusu kikombe.

Baridi ya huku nimezaliwa nayo, lakini nilianza kutetemeka mchana, jua liko nje. Mifupa ya makalio ikawa inawaka nikikaa. Pete ya ndoa ikateleza ikaingia kwenye shuka, mke wangu akaivaa yeye kwenye kidole gumba. Tulisema ni kwa sababu ya dawa. Kila kitu tulisema ni dawa.

Wapakiaji wenzangu walikuja kuniona, wanne, na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Kamwene, bosi," akanisalimia mmoja kwa Kibena, halafu akageukia wenzake. "Huyu amekauka jamani. Mbao ya daraja la kwanza, haina maji."

"Tukimpakia leo lori halitajua," akasema mwingine.

"Subirini nirudi," nikawaambia, "nitawapakia nyie."

Yule wa kwanza akanipiga paja la kushoto kwa utani, juu ya blanketi, tulivyozoea kupigana kazini. Mkono wake ukabaki pale. Akaubana kidogo. Akautoa polepole, akautia mfukoni, akaanza kuzungumzia mvua. Mtu anayejua uzito wa vitu kwa kushika alikuwa ameshajua, na hakuniambia. Naye yumo.

Mwalimu wa mazoezi sasa. Kijana msafi, hachelewi, hana jeuri. Kila asubuhi alinitaka nikae nisimame mara kumi. Nikifika nne, macho yanaingia giza. "Mzee, usijionee huruma. Uvivu ndio unaoua wagonjwa." Siku moja aliacha faili wazi kitandani nikasoma, polepole, herufi kwa herufi: mgonjwa hana juhudi. Mimi. Kuna asubuhi aliniinua kutoka kitandani kwa mkono mmoja, akafurahi. "Umepungua, vizuri, sasa miguu haitapata taabu." Alikuwa ameninyanyua kwa mkono mmoja, mtu aliyekuwa anapanda ubao wa lori na mbao tatu mabegani, na alichoona ni nafuu.

Mzani ulikuwepo. Ulikuwa mlangoni, wameuwekea boksi la glavu juu. Sikupandishwa hata mara moja.

Halafu ikaja ile asubuhi ya ukungu niliyowaambia.

Baada ya goti kupasuka walitaka kunipasua tena, mganga wa usingizi aliponiona akakataa. Akasema mtu huyu akilazwa usingizi haamki. Ndipo akaletwa afisa lishe, mama mmoja mtu mzima mwenye sweta la kijani. Alitafuta kipimo cha mkono cha watu wazima hakikuwepo, akatumia ule utepe wa rangi wanaopimia watoto kliniki. Ukazunguka mkono wangu wa juu, na mwingine ukabaki. Akamuuliza mke wangu nakula nini.

"Uji, mama."

"Na nini?"

"Uji. Imeandikwa."

Akachukua faili, akafunua kurudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka kwenye barua ya Njombe. Akauliza neno hili lilisemwa lini. Mke wangu akamweleza.

"Hilo lilikuwa la siku ile, mama. Mtu akitoka kwenye dawa ya usingizi. Siku moja, mbili. Baada ya hapo alitakiwa mayai, maharage, nyama kama ipo. Mwili ukikosa unakula mapaja yake mwenyewe."

Mke wangu akakaa chini sakafuni. Hakulia. Alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja.

Nililishwa, nikarudi kiasi. Goti walilishughulikia nilipopata nguvu, lakini lilikuwa limechelewa, halinyooki. Natembea na fimbo mbili mpaka mlangoni na kurudi. Lori sitapanda tena.

Nimeuliza. Kituoni Makambako msimamizi alinikaribisha kiti akasema, "Mzee wangu, kila mtu alifuata maelekezo." Njombe wakasema daktari yule amehamishwa, na nesi aliyeandika hakumbuki, wagonjwa ni wengi. Mwalimu wa mazoezi alinipa pole. Kila mmoja ana kipande chake kidogo na kila kipande ni kisafi.

Lakini nyumbani kwangu kuna mtu mmoja amebeba vyote. Ndugu zangu hawasubiri msiba, wameshaanza kuuliza, kwa upole, vikombe vya chai mkononi: wiki saba alikuwa anampa nini? Mke wangu husikia akiwa jikoni. Juzi aliniambia, bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyekumaliza."

Nimechoka kuambiwa pole. Daktari uliyesema neno na hukurudi kuliondoa, nesi uliyelinakili bila kuinua macho, mwalimu uliyenishika na kuniita mvivu, msimamizi uliyenipa kiti: mmoja wenu aje. Nyumba mnaijua, anwani iko kwenye faili. Asije na karatasi. Aingie jikoni, amwite mke wangu mbele ya ndugu zangu, amwambie kwa mdomo wake ni nani aliyekula miguu ya mumewe.