Sauti Inayohama

Mwalimu wetu wa muziki hapa Kisumu Ndogo huvua ndara kabla ya kugusa kinanda, na mguu wake wa kulia hupiga mapigo sakafuni hata anapotusalimu. Vidole vyake vifupi vina makovu ya mafuta moto, maana asubuhi hukaanga viazi karai sokoni. Tukikosea hapazi sauti. Hufumba macho na kusema, "Tena, wanangu," kana kwamba ni yeye aliyekosea.

Jumamosi moja sauti yangu, iliyokuwa ikiongoza kwaya, ilikatika katikati ya wimbo ikatoka kama ya beberu. Wenzangu wakaangua kicheko. Nilitaka kutoka nisirudi tena. Mwalimu akainua mkono, ukumbi ukanyamaza.

"Chengo, sauti yako haijaharibika. Inahama nyumba tu. Njoo tuitafute ilikohamia."

Akateremsha vidole kinandani polepole, noti baada ya noti, nami nikimfuata kwa aibu, mpaka tukafika mahali ambapo sauti yangu ilitulia. Kisha akawageukia wenzangu.

"Wimbo wote tunaushusha hapa. Mfuateni."

Wakanifuata, hata Kadii aliyecheka kuliko wote. Nilitaka kumwambia mwalimu ahsante, lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kupiga mapigo, nikaimba.