Asubuhi Moshi Unapolala

Dobi na upepo walikuwa kama mke na mume: wakigombana, kazi inalala. Upepo ukisusa, mashuka ya nyumba ya wageni hayakauki, na mwenye nyumba ile ana mdomo. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alitoka uani kutazama kamba zake. Shuka likipepea, alitabasamu. Likining'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, alisonya, akarudi kuwasha mkaa wa pasi.

Asubuhi moja ya baridi, baada ya usiku usio na wingu hata la kusingizia, mashuka hayakutikisika kabisa. Mumewe, mfyatua matofali, alikuwa tayari kwenye tanuri lake nyuma ya nyumba. Moshi ulipanda ukalipita paa, ukasita kama mtu aliyeambiwa jambo, kisha ukalala chali. Ukatanda bonde zima kama shuka lililoanikwa na mtu asiyeonekana. Dobi akainama kupuliza makaa. Ndipo akasikia, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya kamba:

"Kibiriti! Wee Kibiriti!"

Makaa yakamwagika.

Jina hilo hapo mtaani hapakuwa na aliyelitumia. Lilikuwa la utotoni, ng'ambo ya bonde, alikozaliwa. Yeye aliitwa Kibiriti kwa hasira zake, dada yake Mshumaa kwa urefu na upole. Mama akiita, Mshumaa ndiye aliyetangulia kuitika "Abee!" Kibiriti alifuata nyuma akiburuta miguu. Mpaka siku moja Mshumaa aliitika, na hakuna aliyemwita. Mama alikuwa kisimani. Wiki ile ile homa ikamchukua Mshumaa. Bibi yao akapiga marufuku: sauti usiyouona mdomo wake, usiiitikie. Dobi aliishika amri ile mpaka mvi zikamtoka. Hata wanawe wakimwita kutoka chumbani, huenda kwanza akawaona, ndipo aseme, "Haya, nini?"

Basi hakuitika. Alifunua shuka moja moja. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila baridi.

Kesho yake palikuwa na mawingu na upepo, sauti haikuja. Anga lilipotakata tena, sauti ikarudi. Ikawa hivyo: mashuka yakipepea, amani, yakining'inia, anaitwa. Dobi akajua zamu yake imefika. Akaanza kumwonyesha binti yake mkubwa mambo: sabuni inawekwa wapi, pasi ipi inavuja majivu, mteja gani hulalamika bure.

"Mama, kwani unasafiri?"

"Mtu hajui, mwanangu."

Siku alipounguza shuka, mumewe alikuja mbio kwa harufu. "Tangu nikuoe hujaunguza hata leso. Una nini?"

Akamwambia. Alitegemea kuchekwa, lakini mume alitazama juu, kwenye moshi wake uliolala.

"Inakuja lini?"

"Upepo ukifa."

"Na moshi ukilala?"

Dobi akafikiri. "Hapo hapo."

"Sikiliza, mke wangu. Usiku usio na mawingu ni kama kulala bila blanketi: joto la ardhi linapotelea juu. Hewa inayoigusa ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni kama maji. Juu yake inabaki hewa yenye joto, imeifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi ukifika pale unakwama. Sauti nayo inapindishwa, inarudi chini badala ya kupotelea angani. Asubuhi kama hizi mtu akikohoa ng'ambo, mimi hugeuka nikidhani yuko begani. Jua likishapasha ardhi, mfuniko unavunjika, husikii tena."

"Ng'ambo?"

"Ng'ambo. Nani kule anakuita Kibiriti?"

Dobi akakaa chini penye majivu. Mama. Alibaki peke yake kule, amekataa kuhama: "Nilale kwa mkwe? Nitakoroma, nimwaibishe binti yangu." Mara ya mwisho walipomtembelea alitia chumvi kwenye chai, wakacheka wote. Dobi hakumdhania, maana mchana hata upige tarumbeta, sauti haifiki mtoni. Tena sauti hii haikuwa na mtetemo wa uzee. Ilikuwa ya mama wa zamani, mwenye mwiko mkononi.

"Kibiriti! Njoni, uji unapoa!"

Mume alisikia pia. Mkono wake ulimshika bega. Dobi akasimama. "Hata kama si yeye," akasema, "bora kuitika kuliko kumwacha mama anaita peke yake." Akajaza kifua.

"Abeee!"

Kisha sauti ikacheka, laini, sikioni.

"Mje basi."

Walivuka daraja wakikimbia. Jua lilikuwa limepanda na moshi umeanza kunyooka walipomkuta kizingitini, miguu mitupu, midomo imemkauka kwa baridi. Jikoni moto ulikuwa umezimika siku nyingi. Sufuria ilikuwa tupu. Pembeni yake, mabakuli mawili madogo ya kitoto yameoshwa yakang'aa.

"Mama, nimekuja. Nilikuitikia."

"Nilikusikia. Ukawa wa pili, kama kawaida yako. Mwenzio alitangulia kuitika."

Mkwe alifungua mdomo. "Ni mwangwi huo, mama. Sauti ikigonga..." Akaishia hapo. Mwangwi hufuata nyuma, hautangulii.

Wakambeba, na mabakuli yake. Sasa anaishi kwao, na kweli anakoroma. Akili inakwenda na kurudi. Asubuhi mashuka yanapogoma kupepea, huketi uani kwenye kigoda, uso ukielekea bondeni, akaita. Dobi yuko hapo hapo, mkono kwenye pasi. Huitika upesi upesi, hata kabla jina halijaisha mdomoni mwa mama.

Hataki tena kuwa wa pili.